Kanisani Mtu Hatoki Kimya

  Wanaosali kwingine, au wasiosali, someni nanyi, juu jambo hili si la kanisa letu peke yake.

Kwetu Bukavu ukisema "mimi ni Muprotestanti" hujasema kitu bado. Mtu atakungojea umalize. Usipomaliza atakuuliza mwenyewe: "Wa ngapi?" Hapo njo unajibu: wa tatu, wa tano, wa nane. Wengine wanaisema kwa Kifaransa, huitième, hata mama wa sokoni Kadutu ambaye hana neno lingine la Kifaransa mdomoni. Rafiki mmoja wa Nairobi aliyetutembelea alisikiliza mazungumzo hayo siku nzima, jioni akaniuliza kama tulikuwa tunaongea juu ya ligi ya mpira.

Mimi ni wa nane. Nimebatizwa humo, nimesoma shule yenye namba hiyo mlangoni, nimeimba korali miaka kumi na tatu. Ninataka kueleza namba hii ilitoka wapi, halafu niseme kile simu imeifanyia, juu mimi ni admini wa grupe moja la WhatsApp la watu wa nane na humo nilifanya kosa ambalo sijamaliza kulilipa.

Namba haikutoka mu Biblia, na haikutoka Uswidi. Wamisionari Wapentekoste wa Uswidi walifika huku Kivu ya Kusini mwaka 1921, na Wanorvejia wakaja miaka ileile. Kila misioni ilikuwa na milima yake: huku shule ya Waswidi, kule zahanati ya Wanorvejia. Wazee waliita kanisa kwa jina la misioni. Koko yangu, mama mzazi wa baba, mpaka anazikwa hakuwahi kusema CEPAC. Alisema "Misioni Libre", juu jina la zamani lilikuwa Mission Libre Suédoise. Ya Wanorvejia ilikuwa Mission Libre Norvégienne, ile ambayo leo tunaiita 5e CELPA.

Mwaka 1970 Waprotestanti wa nchi nzima waliungana mu kanisa moja, Kanisa la Kristo Kongo, ECC. Wengine waliutaka umoja huo kwa moyo, wengine waliingia wakiangalia nyuma. Halafu ikaja sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 juu ya dini. Serikali ya Mobutu haikutaka kuzungumza na kila misioni peke yake. Ilitambua makanisa machache, na kwa Waprotestanti mlango ulikuwa mmoja tu, ECC. Aliyebaki nje ya mlango huo alibaki nje ya sheria. Ndani yake, kila iliyokuwa misioni ikawa jumuiya, na kila jumuiya ikapewa namba. Leo jumuiya hizo zimepita 60. Wabatisti wa CBCA walipata 3, ndugu zetu wa CELPA 5, sisi 8.

Kwa hiyo namba ilikuwa jambo la ofisi. Namba ya faili, kama ile ya kiwanja kule kadastre. Wakati wa Zaire herufi zetu zilikuwa CEPZA. Nchi iliporudia jina la Kongo mwezi wa tano 1997, herufi nazo zikageuka, tukawa CEPAC, Jumuiya ya Makanisa ya Kipentekoste Afrika ya Kati. Mu mageuzi yote hayo namba haikuguswa, na nafikiri njo sababu watu waliishika. Jina la nchi limepita, pesa zimepita, nane imebaki nane.

Na ilianza kubeba vitu. Mwaka 1977 serikali ilipofanya mapatano na makanisa juu ya kuongoza shule, namba iliandikwa mbele ya madarasa na juu ya vikaratasi vya matokeo yetu. Hospitali ya Lemera, iliyoshambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa wakiwa vitandani, ni ya nane. Panzi, iliyofunguliwa 1999, ni ya nane, na Daktari Denis Mukwege aliyepewa Nobel mwaka 2018 ni mtoto wa mchungaji wa kipentekoste wa hapa hapa Bukavu. Ndani ya namba hiyo kuna Bashi, Bafuliiru, Barega, Babembe, Bavira, Bahavu, Banyamulenge. Mu kitabu cha ubatizo cha paruasi yetu hakuna safu ya kabila. Kuna jina, jina la baba na mama, tarehe ya kuzamishwa majini, namba, na sahihi ya mchungaji. Nimekifungua mwaka huu kwa sababu nitakayoisema, na nilikaa nacho saa nzima. Kilianzwa na mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa Waswidi, herufi ndefu zimelala upande mmoja.

Lakini karatasi haitoshi kumfanya mtu ajisikie wa nane. Kile kinachofanya kazi hiyo ni adabu ndogondogo za kuingia na kutoka. Ukisafiri, ukafika Uvira au Kamituga Jumapili, ukaingia kanisa la nane, wakati wa wageni utasimama. Utasema jina lako, paruasi yako, na utasema: "Nimewaletea salamu za kanisa la kwetu." Wote watajibu kwamba wamezipokea. Hakuna aliyekutuma, kila mtu anajua, na salamu zinapokelewa kweli. Ukirudi nyumbani unasimama tena, unarudisha salamu za kule.

Ukihama kabisa, unapewa barua. Mchungaji anaandika kwamba huyu ni mshiriki wetu, amebatizwa tarehe fulani, mwenendo wake ni huu, mpokeeni. Anapiga kashe. Bila barua kanisa la kule watakukaribisha ukae, lakini kuingia korali au kushiriki meza ya Bwana watakuambia ungoje. Hata aliyeanguka anatolewa kwa sauti: jina lake linasomwa, anawekwa pembeni, na siku ya kurudi linasomwa tena. Mambo haya yana ukali wake, na nimeona watu walioumizwa nayo, hasa wasichana. Lakini yana jambo moja ambalo nimelielewa kwa kuchelewa: kanisani mtu hatoki kimya. Akitoka, kuna mtu ametamka jina lake.

Sasa simu.

Grupe letu tulilianza mwaka 2017, sisi tuliowahi kuimba korali ya paruasi moja. Hatukuwa na mpango mkubwa. Mtu mmoja alikufa Lubumbashi, tukakusanya mchango kwa simu, na baada ya mazishi hakuna aliyetaka kufunga grupe. Watu wakaanza kuletana. Mmoja yuko Uswidi, mmoja Norvejia, wengi Marekani waliopitia kambi, wengine bado Nakivale kule Uganda, wengine Nyarugusu kule Kigoma tangu miaka ya vita vya kwanza. Wakati ule WhatsApp haikukubali zaidi ya watu 256 mu grupe moja. Tulizifikisha. Kuna watu walingoja miezi mtu atoke ili waingie, na tulicheka tukisema hata ubatizo haungojewi hivi. Mwaka 2022 ukomo uliongezwa, 512 halafu 1024, na walioachwa nje wote wakaingia kwa wiki moja.

Ningependa muone jinsi tunavyoandikiana, juu hapo njo unaona sisi ni nani. Asubuhi saa kumi na moja mzee mmoja wa Bagira anaweka andiko la siku. Halafu wanaamka wengine. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu anaandika Kiswahili cha shule ya Tanzania, kimenyooka kama mstari: "Bwana Yesu asifiwe wapendwa, poleni sana kwa msiba uliotupata." Wa Bukavu anajibu: "Bwana asifiwe batu ba Mungu, pole sana ku famille, tuko pamoja na beye." Wa Marekani anaweka nusu ya sentensi kwa Kiingereza na kuimaliza na Kifuliiru. Vijana wa Nyarugusu walianza kwa kutusahihisha. Waliacha siku mama mmoja aliposema kwa odio kwamba Roho Mtakatifu anasikia hata "batu".

Wengi hawaandiki. Wanatuma odio, juu Kiswahili chetu ni cha mdomo. Shule tulisomea Kifaransa. Hata kominike za ofisi ya jumuiya zinakuja kwa Kifaransa, PDF yenye kashe, na dakika tano baadaye mtu anauliza: "Nani anaweza kutusomea mu Kiswahili?" Kuna baba mmoja wa besi amekuwa msemaji wetu bila kuchaguliwa. Anasoma kominike yote kwa odio ya dakika nane, anatafsiri, na mahali asipokubaliana anakohoa kidogo. Odio hiyo inakula mega, lakini inasikilizwa kuliko PDF.

Wimbo haueleweki kwa maneno. Mtu akifiwa, watu wanaandika namba tu ya Nyimbo za Wokovu, na kila mmoja alipo anaimba. Namba tena, naona sisi ni watu wa namba. Jumatano usiku tunaomba pamoja kwa simu. Bukavu ni 20h00, Nakivale na Nyarugusu 21h00, na Uswidi inategemea: majira ya baridi wako nyuma yetu kwa saa moja, majira ya joto tuko sawa. Tunaandika saa kwa mtindo wa Kifaransa kukwepa ubishi, juu mara ya kwanza tuliandika "saa mbili" na ndugu wawili wa Marekani wakaingia saa sita baadaye wakakuta tumelala.

Nimesema haya yote kwa urefu ili mjue kwamba grupe si mchezo. Mu grupe hilo tumezika watu, tumelipa hospitali, tumeozesha. Niliamini kwamba tumepata njia ya kuwa wa nane bila milima na mipaka. Kwa sehemu kubwa bado ninaamini.

Ila kuna namna simu inavyofanya kazi ambayo si namna ya kanisa. Anayeongezwa na admini anaingia bila kusimama. Hakuna anayemuuliza ametoka paruasi gani, hakuna salamu aliyoleta; unaona namba mpya yenye picha ya ua. Na anayetoka, tangu mwezi wa nane 2022 WhatsApp imepanga hivi: watu wa grupe hawaambiwi tena, maadmini peke yao njo wanaona kwamba fulani ametoka. Wengine, wakitaka kujua, lazima wafungue orodha ya waliotoka, nayo inaonyesha wa siku 60 tu. Walifanya hivyo kwa wema, ili mtu asione aibu kutoka. Mimi sikuwa nimewaza juu ya jambo hilo hata siku moja.

Ijumaa tarehe 14 Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 walianza kuingia Bukavu. Jumamosi mji haukuwa na mwenyewe; depo zilivunjwa, watu walipita mbele ya nyumba yetu na magunia kichwani, risasi zilisikika bila kujua za nani. Jumapili tarehe 16 mji ulikuwa mikononi mwao. Paruasi yetu haikufungua siku hiyo. Tulibaki ndani na simu.

Jumamosi ile usiku odio moja ilinifikia kutoka grupe la mtaa. Sauti ya mwanaume, inasema haraka haraka, kwamba mu makanisa kuna watu wa kabila fulani wanaoonyesha nyumba za kuingiliwa, na kwamba wachungaji wanajua. Kabila sitalitaja hapa, wa Bukavu mumeshaelewa. Odio ilikuwa na mishale miwili pembeni. WhatsApp inaweka mishale miwili juu ya kitu kilichopitishwa mikono mingi, na inakukataza kukituma mahali pengi kwa mara moja. Yaani mashine yenyewe ilikuwa imenionya. Niliiona mishale hiyo. Niliituma mu grupe la korali na maneno matatu: "Tukeshe na tuombe."

Sitaki kujitetea sana. Niliogopa, na mtu mwenye hofu anataka asiogope peke yake. Lakini nilikuwa admini, nimesoma, nina lisansi, na nilijua mu grupe lile kuna akina nani.

Kesho yake baba wa besi aliandika kwamba sauti hiyo anaijua: ilikuwa imezunguka siku za nyuma juu ya mji mwingine, na jina la mji lilikatwa mwanzoni. Nikafuta odio. Watu watatu walikuwa wameshajibu chini yake, mmoja kwa mikono ya kuomba, wawili kwa maneno ambayo nayo nilifuta. Tukaendelea na habari za nani amefika wapi.

Jumatatu alfajiri niliona mstari mdogo wa kijivu: namba fulani imetoka. Ilikuwa ya mama mmoja wa alto. Tumeimba naye toka tulipokuwa vijana. Yeye njo alinifundisha kuvuta pumzi mahali ambapo wimbo haukatiki. Ni wa kabila lile. Maadmini tuko wawili, mimi na baba mmoja wa Uswidi ambaye hafungui simu kazini. Kwa hiyo mu watu wote wale, nilikuwa peke yangu ninayejua kwamba ametoka.

Sikufanya kitu. Banki zilikuwa zimefungwa, pesa hakuna, kila mtu alikuwa na yake, na mimi nilikuwa na yangu. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mwezi wa tano, kwenye maombi ya Jumatano, mtu aliuliza: "Mama wa alto iko wapi? Hatumsikiye." Mwingine akajibu, "Iko, anasoma tu, haongee." Siku 60 zilikuwa zimepita, hata mu orodha ya waliotoka hakuwemo tena. Kwa wengine wote bado alikuwa ndani, amenyamaza. Niliisikia hiyo, na mimi nikanyamaza kama yeye.

Hilo njo jambo ambalo nilitaka mulione. Mu grupe, kimya cha aliyeumizwa na kimya cha anayesoma tu vinafanana. Tunahesabu namba za watu, tunaona ni mamia, tunasema kanisa linakua hata vitani. Kumbe wale ambao vita imewagusa kwa jina lao wanatoka mmoja mmoja kwa mlango usio na mlio, na waliobaki wanaendelea kuandika "sisi" wakiamini ni sisi wote. Ubishi hautuvunji haraka hivyo. Sisi wa nane tunabishana tangu zamani, juu ya uongozi, juu ya mahari, juu ya gitaa kanisani. Mabishano hayo yana majina, na mwisho kuna mzee anayewaketisha watu chini. Mtu aliyetoka bila jina kutamkwa, mzee atamketisha wapi?

Mwezi wa sita nilianza kumtafuta. Namba yake ya Kongo ilikuwa imekufa. Kupitia kikundi cha mamas nilipata namba ya Uganda. Niliandika mesaji ndefu, nikaifuta, nikatuma fupi: kwamba ni mimi, kwamba odio niliituma mimi, kwamba naomba msamaha. Siku ya pili alijibu kwa odio, sekunde arobaini. Yuko Nakivale na watoto wawili. Alisema:

"Ndugu, ile odio nilisikia. Sauti sikuijua. Lakini jina la mwenye kuituma nililijua."

Halafu hakuniambia kama amesamehe. Aliomba kitu. Kule amepata kanisa la Kiswahili, watu wa Kongo na wa Burundi pamoja, wamempokea vizuri. Lakini mchungaji wa kule ameuliza barua. Alikimbia na nguo na watoto, barua angeipata kwa nani? "Mimi ni wa nane," alisema. "Niandikisheni tu kwamba mimi ni wa nane."

Admini hana kashe. Nilikwenda kwa mchungaji. Mchungaji akaniita mbele ya wazee, juu barua inatoka kwa wazee, na mzee wa kwanza akauliza jambo la kawaida kabisa: kwa nini mama mwenyewe hakuwaandikia? Hapo ilibidi niseme. Nilisema yote, na mishale miwili, na siku ya Jumatatu. Mzee mmoja alisema wakati ule kila mtu alituma vitu kama hivyo, tusifanye jambo kubwa. Mwingine, ambaye ni mdogo kwangu kwa umri, alisema kama ni kila mtu basi tuanze na huyu aliyesema. Nilipewa miezi mitatu bila kusimama na korali. Ilisomwa Jumapili, jina langu na sababu, kwa maneno machache. Mke wangu alikaa kando yangu akiangalia mbele.

Halafu kikafunguliwa kitabu cha ubatizo kutafuta jina la mama. Mimi njo nilipewa kazi ya kulitafuta, na njo hapo nilikaa saa ile nzima. Yuko ukurasa uleule na mimi, mistari minne juu yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba tulizamishwa siku moja.

Mu grupe niliandika kwa maandishi, si kwa odio, ili mtu asiseme sauti yangu ilikatwa. Niliomba ruhusa yake kwanza, na alikubali kwa sharti kwamba nisimwite mateso wala mkimbizi, niseme tu ametoka na kwa nini. Majibu yalikuwa ya kila namna. Wengi waliweka mikono ya kuomba. Mmoja aliandika, "Tuendelee mbele." Mmoja alikasirika kweli, akauliza juu ya ndugu zake waliokufa nani ameandika. Swali lake lilikuwa la haki, na nilimjibu kwamba aandike yeye, tusome. Aliandika majina matano, na usiku ule tuliimba kwa majina hayo. Watu wawili walitoka. Niliona mistari miwili ya kijivu. Safari hii niliwapigia siku ileile. Mmoja alishika simu.

Tumebadilisha mambo kidogo. Anayeingia sasa anasimama, yaani anatuma odio ya kusema jina, paruasi aliyobatizwa na sauti anayoimba, na anatuletea salamu za alipo. Kijana wa Nyarugusu alileta salamu za kambi nzima, watu wakacheka, wakazipokea. Anayetaka kutoka anaombwa aage. Asipoaga, admini anapiga simu ndani ya wiki, na tuko maadmini watano sasa, mmoja mu kila kabila kubwa ingawa hakuna aliyesema kwamba tumepanga hivyo. Kitu chenye mishale miwili hakiingii. Sheria hii ya mwisho inavunjwa karibu kila wiki, mara nyingi na mzee wa Bagira na video zake za dawa ya tangawizi.

Barua ya mama iliandikwa ukurasa mmoja. Nilipiga picha nikamtumia, na alifurahi, lakini mchungaji wa kule alitaka karatasi yenyewe. Sikumlaumu, picha mu simu tumeshajua inaweza kusema nini. Mfanyabiashara mmoja wa kanisa letu aliivusha mpaka wa Ruzizi ndani ya daftari la hesabu, ikapanda basi Kamembe mpaka Kigali, ikalala huko siku kumi ikingoja mtu wa Mbarara. Wiki tatu na nusu kwa jumla. Jumamosi moja mchana nilipokea picha: karatasi imekunjwa mara nne na kukunjuliwa, juu ya meza ya mbao, na kidole chake kinaonyesha namba iliyo mbele ya jina la jumuiya.

Chini aliandika: "Imefika. Kashe inaonekana muzuri."

Mu grupe hajarudi. Sijamuuliza.